Mkazo Usiofunika Neno: Kuchagua Ala Ndogo za Kusindikiza Masimulizi na Ushairi katika Upare



1. Utangulizi

Neno mkazo lina makazi mawili. Katika isimu, mkazo ni nguvu ya ziada inayowekwa juu ya silabi moja ya neno ili isikike zaidi ya jirani zake. Katika muziki, mkazo ni pigo moja linalojitokeza miongoni mwa mapigo mengine. Wanaisimu wameandika mengi kuhusu mkazo wa kwanza, na walimu wa muziki wanaufundisha wa pili. Mhadhara huu unakusudia kuchunguza mahali ambapo mikazo hiyo miwili inakutana na, mara nyingi, kugombana: pale msimulizi au mghani anaposindikizwa na ala ndogo za mkono.

Naomba tuchukue mfano mmoja, nao utatuongoza hadi mwisho. Tufikirie chumba cha darasa mjini Same, jioni, bila kipaza sauti. Yupo msimulizi mmoja, wapigaji wawili na wasikilizaji wapatao arobaini. Msimulizi amekusudia kusimulia hadithi moja kwa Chasu, lugha ambayo wengi huiita Kipare, kisha kughani shairi moja la Kiswahili. Wapigaji hawataki ngoma kubwa. Wanataka ala chache zenye mlio mdogo, za kutia mkazo hapa na pale. Je, wachague zipi, na wazipige wakati gani?

Jibu la haraka ni kwamba wachague ala zisizo na kelele. Jibu hilo halitoshi. Ala ndogo inaweza kulifuta neno kabisa, na ala kubwa kuliko hiyo ikaliacha salama. Hoja yangu ni hii: ala ya mkazo haina budi kuchaguliwa kwa kuisikiliza kwanza lugha itakayosindikizwa. Kwa kuwa Chasu na Kiswahili hazitumii sauti kwa namna moja, ala inayofaa lugha moja yaweza kuiumiza nyingine.

2. Same na lugha zake

Mji wa Same uko chini ya Milima ya Pare, kando ya barabara kuu iendayo Arusha na reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911. Juu yake, upande wa Pare Kusini, kilele cha Shengena kinafikia mita 2,463. Uwanda ni mkavu na una wafugaji. Milimani kuna mvua, migomba na mifereji inayopokea maji ya ndiva, yaani mabwawa ya asili ya kumwagilia. Katika mji wa namna hii mtu husikia lugha kadhaa kwa siku moja. Kiswahili ni lugha ya soko, shule na ofisi. Chasu ni lugha ya nyumbani na ya milimani. Kaskazini, katika Wilaya ya Mwanga, kuna Kigweno, ambacho kwa nasaba kinakaribiana na Kichaga.

Chasu iliandikiwa sarufi mapema. Mmisionari Mwadventista Ernst Kotz alichapisha sarufi yake kwa Kijerumani mjini Berlin mwaka 1909, miaka sita tu baada ya Waadventista kuanza kazi yao Upare mwaka 1903. Katika uainishaji wa Guthrie lugha hii ni G22, na Kiswahili kimo katika G40. Ni jirani katika orodha, na msemaji wa moja hutambua mizizi mingi ya nyingine. Lakini kuna tofauti moja kubwa ambayo maandishi ya kawaida huificha: Chasu ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa kidatu cha sauti kuna kazi katika msamiati na katika sarufi. Kiswahili sanifu, kinyume cha lugha nyingi za Kibantu, kimeipoteza toni ya aina hiyo na badala yake kina mkazo unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Jozi maarufu ya barabara, yaani njia, na barabara yenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwanzo, yaani sawasawa, inajulikana kwa sababu jozi za namna hiyo ni chache.

Kwa hiyo msimulizi wetu, anapotoka kwenye hadithi kwenda kwenye shairi, habadilishi maneno peke yake. Anabadilisha pia sehemu ya sauti inayobeba maana.

3. Majina na vitenzi vya ala ndogo

Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya ala ndogo, ingawa neno ngoma limeyafunika. Ngoma ni ala, ni mchezo, na ni shughuli nzima; ndiyo maana tunatofautisha kupiga ngoma na kucheza ngoma. Walimu wengi wa shule, wakitaka kuwa mahususi zaidi, husema ala za kupigwa. Istilahi hiyo ina kasoro: ala nyingi ndogo hazipigwi.

Yafaa tuangalie vitenzi. Kayamba, yaani bapa la matete lenye mbegu ndani, hutikiswa. Manyanga, ambayo ni vibuyu vyenye mbegu, na cherewa za Zanzibar, zinazotengenezwa kwa vifuu vya nazi, hutikiswa pia. Njuga huvaliwa, anayezicheza ni mguu. Msewe, yaani vifuko vya majani yaliyosukwa na kutiwa mbegu, hufungwa miguuni. Mkwasa, vijiti vifupi vya mti mgumu, hugonganishwa. Tari hupigwa kwa kiganja na vidole. Upatu wa shaba, si ule wa kupeana fedha, hugongwa kwa kijiti. Matuazi hupiganishwa.

Vitenzi hivi vinamweleza mpigaji jambo la msingi, nalo ni uwezo wake wa kuanza na kukoma. Kinachogonganishwa huanza na kukoma papo hapo. Kinachotikiswa huanza kwa urahisi lakini mbegu huendelea kutembea hata mkono ukitulia. Kinachovaliwa hakikomi mpaka mvaaji asimame kabisa. Kinachogongwa, kama ni cha madini, huendelea kulia mpaka kishikwe kwa mkono. Mtu anayetafuta mkazo mdogo anatafuta mlio unaoweza kukomeshwa, na kitenzi kimeshamjulisha.

Aidha, lugha ina majina ya milio yenyewe: mdundo, mvumo, mrindimo, mshindo, mlio, mkwaruzo, mchakacho. Huu wa mwisho ni sauti ya majani makavu yakikanyagwa, na hakuna neno linaloueleza msewe vizuri zaidi. Maelezo ya kamusi kuhusu ala hutueleza aghalabu kitu kimetengenezwa kwa nini. Ni nadra kutueleza kinasikikaje. Mwanaleksikografia akiongeza neno mchakacho katika maelezo ya msewe na neno mvumo katika maelezo ya vumi, atakuwa amemsaidia mwanamuziki kuliko kwa kuandika sentensi nne kuhusu mbegu na ngozi.

4. Sauti inayofunika na sauti inayofunikwa

Sasa tuingie katika fonetiki. Nyuzi sauti za mwanamume mzima hutetemeka takriban mara 100 hadi 150 kwa sekunde anapozungumza. Za mwanamke, takriban mara 200. Kidatu, na kwa hiyo toni, huanzia hapo. Juu zaidi kuna mitetemo inayotofautisha irabu. Juu kabisa kuna kelele za vikwamizwa: kelele ya [s] hukaa zaidi juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, ya [sh] huanza chini ya hapo, na ya [f] ni dhaifu na imetawanyika.

Kila aliyetumia simu analijua jambo hili bila kufundishwa. Kwa miaka mingi simu za kawaida zilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde tu. Ndiyo sababu mtu akitaja jina lake kwenye simu hulazimika kueleza kwamba herufi ni S ya Same, si F ya fimbo. Simu ilikata sehemu ya juu, na tofauti ikaenda nayo.

Kayamba hufanya jambo lile lile kwa njia nyingine. Mbegu ngumu zinazogonga matete hutoa kelele isiyo na kidatu maalumu, iliyojaa mitetemo ya juu. Haiikati sehemu ya juu, inaijaza. Chukueni vitenzi vitatu: kusuka, kushuka na kufuka. Vinatofautiana kwa kikwamizwa kimoja tu. Mghani akitamka kimojawapo wakati kayamba linatikiswa karibu naye, msikilizaji wa nyuma atasikia irabu zote, atausikia mkazo, atajua kwamba kuna kitenzi, na hatajua ni kipi. Kayamba lenyewe halikuwa na sauti kubwa. Lilikaa tu mahali pale pale panapokaa neno.

Ngoma ndogo yenye mvumo haiwezi kufanya hivyo. Nguvu yake iko chini, katika eneo la kidatu. Haiwagusi [s] na [sh] hata kidogo. Kinachoathirika ni mwendo wa sauti kupanda na kushuka. Sikio huweza kukisia kidatu kutokana na mitetemo ya juu yake, kwa hiyo madhara si kamili. Hata hivyo, ngoma inayobadilisha kidatu chake kwa kubonyezwa na kiganja humpa msikilizaji mwendo wa pili wa kupanda na kushuka, unaoshindana na ule wa msimulizi.

Hapo ndipo lugha zetu mbili zinapoachana. Katika Kiswahili, mvumo mdogo chini ya sauti huvumilika, kwa kuwa neno halitegemei toni. Katika Chasu, mvumo huo huo unaingia katika kazi ya neno. Mtikiso wa mbegu, kwa upande wake, ni tatizo katika lugha zote mbili, maana zote zina vikwamizwa.

5. Funzo kutoka Unguja

Kabla ya kurudi Same, yafaa tutazame kundi moja ambalo limekwisha kulitatua tatizo hili kwa mazoea ya muda mrefu. Kidumbak cha Zanzibar ni ndugu mdogo wa taarabu. Badala ya okestra nzima, kina fidla, sanduku lenye uzi mmoja linalotoa sauti nzito, vingoma viwili vidogo, cherewa na mkwasa. Si muziki wa kimya. Ni wa harusi na wa kucheza. Lakini mgawanyo wake wa kazi unafundisha.

Tazameni jinsi kila ala ilivyopewa eneo lake. Sanduku liko chini ya sauti ya mwimbaji. Vingoma viko karibu nayo. Cherewa ziko juu kabisa. Mkwasa haukai mahali pamoja. Pigo lake ni fupi mno, mithili ya kipasuo [t] au [k], linagusa kila eneo kisha linatoweka. Ala chache, lakini hakuna mbili zinazofanya kazi moja. Hilo ndilo funzo la kwanza kwa wapigaji wetu wa Same: wasichukue kayamba na manyanga na cherewa kwa pamoja wakidhani wameongeza utajiri. Wameongeza kelele ya aina moja mara tatu.

Funzo la pili ni kuhusu wakati. Maneno ya kiitikio hurudiwa na watu huyajua. Hapo ala huweza kusikika kwa nguvu zote bila hasara. Ubeti mpya una habari ambayo haijasikika. Hapo ndipo panapohitaji ala zenye adabu.

6. Kuchagua

Tuwape sasa wapigaji wetu orodha fupi.

Ala ya kwanza iwe mkwasa, au vijiti vyovyote viwili vya mti mkavu. Hauna kidatu kirefu cha kushindana na toni, wala kelele ndefu ya kufunika vikwamizwa. Ukitaka mlio mpole zaidi, kijiti kimoja kilazwe juu ya kiganja kilichokunjwa kidogo na kigongwe polepole. Ukitaka ukali, kishikwe kwa ncha za vidole.

Ala ya pili iwe msewe, lakini ushikwe mkononi badala ya kufungwa mguuni. Majani hupunguza ukali wa mbegu, na mchakacho wake ni hafifu kuliko mtikiso wa kayamba. Kama hakuna msewe, manyanga ya kibuyu chembamba yenye mbegu chache na nyepesi yatafaa. Wingi wa mbegu hauleti uzuri wa mlio, huurefusha tu.

Ala ya tatu iwe ya madini, nayo iwe moja. Njuga moja iliyofungwa kwenye kitambaa, au upatu uliogongwa ukingoni na kushikwa mara moja, hutosha. Katika uwanda wa Same sikio limezoea kengele ya ng'ombe anayeongoza kundi: mlio mdogo unaosafiri mbali na kumwambia mchungaji mahali, si habari nyingi. Mlio wa madini katika hadithi utumike hivyo hivyo, kuonyesha kwamba tumefika mahali. Ukisikika mara moja katika hadithi nzima, hakuna atakayeusahau. Ukisikika mara ishirini, hakuna atakayeusikiliza.

Ala ya nne ni tari, na hapa nasisitiza: iwe kwa ajili ya shairi la Kiswahili tu. Ipigwe kwa ncha ya kidole karibu na ukingo, na isiwe na vibati vya pembeni. Msimulizi anaposimulia kwa Chasu, tari ikae chini, isubiri nafasi zake za kupumua.

7. Mahali pa mkazo

Ala ikishachaguliwa, imebaki nusu ya kazi. Katika shairi la kawaida la Kiswahili, mshororo una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Kwa kuwa kipande huishia mwishoni mwa neno, mkazo wa neno hilo huangukia mizani ya saba, isipokuwa neno liwe la silabi moja. Kina kiko katika mizani ya nane. Mpigaji asiyejua arudhi huvutwa kupiga penye mkazo, yaani juu ya mizani ya saba, akadhani anamsaidia mghani. Kumbe silabi hiyo haihitaji msaada. Ina nguvu zake. Akipiga juu ya mizani ya nane, anafunika kina, nacho ndicho pambo ambalo mtunzi alilitolea jasho. Mahali panapofaa ni baada ya mizani ya nane, katika pumzi. Hapo mkazo wa ala unakuwa kama alama ya kituo: haubebi maana, lakini unaonyesha mahali ilipokamilika.

Tahadhari nyingine ni kiimbo. Kiswahili hakina toni ya maneno, lakini swali kama "Umekula?" hutofautiana na taarifa "Umekula" kwa mwendo wa sauti peke yake. Mwisho wa swali uachwe wazi.

Katika hadithi, nafasi hazikupimwa kwa mizani. Zimepimwa na wasikilizaji. Msimulizi wa Kiswahili akisema "Paukwa!", hadhira hujibu "Pakawa!", akisema "Kitendawili!", hujibiwa "Tega!" Jibu hilo ni mkazo tayari, tena mkazo wenye watu ndani yake. Mpigaji anayelifunika kwa upatu amewanyang'anya wasikilizaji ala yao. Ajizuie, apige baadaye.

8. Pingamizi

Kuna watakaosema kwamba nimeifanya ngoma kuwa mtumishi wa neno, hali katika jadi zetu mwili, mguu na mdundo vina heshima yao wenyewe. Pingamizi hilo lina haki. Katika uwanja wa ngoma, watu hawaendi kusikiliza vikwamizwa. Njuga za wachezaji wa Kigogo hazikufungwa miguuni ili zinyamaze, na sipendekezi zivuliwe. Ninazungumzia shughuli tofauti: pale ambapo maneno ni mapya kwa wasikilizaji, na yakipotea hayarudiwi.

Shughuli hiyo ina jadi yake pia. Kitenzi kutumbuiza leo kimehamia jukwaani, penye spika na taa. Zamani kilikuwa na maana ya kuliwaza, hata kumlaza mtu, kwa kuimba. Maana ya kwanza haikuhitaji nguvu za umeme. Na methali zetu hazikuwa zinatania ziliposema kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Upare wenyewe una uzoefu wa pande zote mbili. Wamisionari, wa Leipzig na Waadventista vilevile, waliitazama ngoma kwa mashaka, na hadi leo kwaya nyingi za Waadventista huimba bila ngoma. Mtu anaweza kuihuzunikia historia hiyo, na bado akakiri kwamba imewaacha watu wenye masikio yaliyozoea kusikia neno likiimbwa bila kusindikizwa.

9. Hitimisho

Mabibi na mabwana, jambo linalohatarishwa hapa si uzuri wa tamasha. Watoto wengi wanaokulia Same mjini huisikia Chasu kwa babu na bibi, na huizungumza nusunusu. Mtoto wa namna hiyo hujifunza neno kwa kulisikia likitumika ndani ya hadithi. Akilisikia juu ya mdundo unaofunika toni, atapata konsonanti na irabu, na toni itabaki kwa wazee. Maandishi hayatamsaidia, kwa kuwa tahajia ya kawaida haionyeshi toni. Hadithi inayosimuliwa katika utulivu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo toni hiyo bado hupokezwa kutoka sikio hadi sikio. Mpigaji aliyekaa kando ya msimulizi, akijua au asijue, amekaa mlangoni pa mapokezi hayo.

Kwa wanafunzi wa isimu nina ombi moja. Mnapokwenda Chome, Mbaga, Gonja au Suji kukusanya msamiati, msiulize tu "Hii inaitwaje?" mkionyesha picha ya ala. Ulizeni inatendwaje, inaliaje, inakomeshwaje, na nani hunyamaza inapolia. Andikeni toni za majibu mtakayopewa. Mtarudi na vitenzi na viigizi sauti ambavyo orodha ya nomino haiwezi kuvikamata. Na ile jioni ya darasani ikifika, mpigaji akikuulizeni achague ala gani, mwambieni kwanza aiweke chini, asikilize hadithi yote mara moja bila kupiga, kisha aokote ile ambayo haikuwa na nafasi yake tayari ndani ya sauti ya msimulizi.